Tangazo la Kazi Ndilo Mtaala: Kisa cha Binti Aliyeingia Usaili wa Mtendaji wa Kijiji Mara Tatu

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mhusika, kijiji chake, wilaya alizofanyia usaili na kituo alichopangiwa nimeviondoa, na yeye mwenyewe amekisoma na kuniruhusu nikitoe. Nitamwita Binti, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita tangu siku ya kwanza alipobisha hodi kwangu. Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Nimestaafu. Vijana wanaojiandaa na usaili huja kwangu kuuliza, na ninawapokea, kwa maana hii kazi naipenda na nataka ipate watu wanaoijua.

Usuli

Binti alikuwa na miaka 27. Alimaliza kidato cha nne, akasoma astashahada inayohusu utawala wa serikali za mitaa, akarudi nyumbani kwa mama yake upande wa milima ya Rungwe. Nyumbani kuna migomba, chai kidogo na shamba la viazi. Msimu wa viazi ukifika alikuwa anashuka na magunia mpaka Uyole, anauza, anarudi na gari la jioni. Alikaa hivyo karibu miaka minne.

Nafasi aliyoitaka ni Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Kwa wasioifahamu: ni ajira ya serikali, si ya kuchaguliwa kwa kura. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka mitano. Mtendaji huajiriwa, na kazi yake inaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 pamoja na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya ya 1982. Sifa ni kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada katika fani zilizotajwa, kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, na umri usiozidi miaka 45. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, kupitia Ajira Portal. Wanaokidhi vigezo huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, na wanaofaulu huo huitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Wakati mwingine usaili huendeshwa na halmashauri yenyewe baada ya kupata kibali cha kuajiri, wakati mwingine na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Binti alipitia njia zote mbili.

Hakuwa mjinga, na hakuwa mvivu. Nalisema mapema kwa sababu majirani walikuwa wameanza kusema mengine.

Mara ya kwanza: meza ya vyeti

Usaili wa kwanza uliitishwa na halmashauri moja ya mkoa wa jirani. Mama alikopa nauli kwenye kikoba. Binti alilala kwa ndugu, akaamka saa kumi usiku, akafika kwenye uwanja wa shule saa kumi na mbili na nusu, baridi ya Julai ikiwa bado imeshika majani. Alikuwa na kalamu tatu, kitambulisho cha Taifa na bahasha ya vyeti vyake halisi.

Hakufika hata kwenye kiti. Kwenye meza ya uhakiki ofisa aliweka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne bega kwa bega, akaviangalia kwa muda, akamwuliza: "Dada, hawa ni watu wawili?" Kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, jina la ukoo lilianza na "Mwa". Kwenye vyeti vya shule na chuo, "Mwa" haikuwepo. Wanaotoka huku kwetu watanielewa haraka. Ukoo mmoja unaandikwa kwa namna mbili au tatu, na mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa akijaza rejesta aliandika alivyosikia. Nyumbani haijawahi kuwa tatizo. Mbele ya ile meza ilikuwa tatizo kamili, kwa sababu tangazo la kuitwa kwenye usaili lilikuwa limeeleza wazi kwamba ambaye majina yake yanatofautiana kwenye nyaraka aje na hati ya kubadili jina, ile ambayo mtaani wanaiita didipoli.

Binti alikuwa amelisoma tangazo hilo. Aliniambia: "Mama, nilisoma nikaona halinihusu. Mimi sijabadili jina."

Hapo ndipo aliponijia. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanisalimia shikamoo, akaweka ile bahasha mezani na kukaa kimya.

Uamuzi wa kwanza: kurekebisha vyeti au kuandika hati

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuomba marekebisho ya cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa, kuomba marekebisho ya kitambulisho, ili vyote vifanane na vyeti vya shule. Ya pili ni kuandaa hati ya kubadili jina kwa wakili na kuisajili kwa Msajili wa Hati, ili majina yote mawili yatambuliwe kuwa ya mtu mmoja.

Tulichagua ya pili, kwa sababu nyaraka zake ziligawanyika mbili kwa mbili. Kurekebisha kungetaka ofisi mbili zifanye kazi, na moja ikichelewa bado angebaki na nyaraka zinazogombana. Hati ni moja, inaambatana na vyeti vyote, na ndiyo iliyotajwa kwenye matangazo. Ilimgharimu fedha ya gunia kadhaa za viazi na wiki nyingi za kusubiri. Wapo walioridhika na kiapo cha kawaida cha mahakamani wakarudishwa. Hati yenyewe lazima iwe imesajiliwa.

Wakati huo huo tulipitia nyaraka nyingine zote. Alikuwa na nakala ya matokeo ya kidato cha nne aliyoipenda kwa sababu ilikuwa safi kuliko cheti chenyewe. Nilimwambia aiache nyumbani: matokeo ya muda na karatasi za matokeo hazikubaliwi, kinachotakiwa ni cheti halisi. Nakala zikathibitishwa na mwanasheria. Barua ya maombi ikasainiwa kwa mkono kabla ya kupakiwa kwenye mfumo. Wengi huipakia bila saini na maombi yao huishia hapo.

Mara ya pili: alisoma sana, akasoma visivyo

Halmashauri nyingine ilitangaza nafasi miezi kadhaa baadaye. Vyeti vilipita bila neno. Aliandika mtihani. Orodha ya walioitwa kwenye mahojiano ilipobandikwa, jina lake halikuwepo.

Siku aliyotoka kwenye mtihani, kabla ya matokeo, nilikuwa nimemwomba anifanyie jambo moja: akiwa kwenye gari aandike kila swali analolikumbuka. Aliandika nyuma ya stakabadhi za chai, kwa mwandiko wa gari linalopanda Isyonje kwenye ukungu. Alikumbuka maswali 12. Tukayapanga mezani. Matatu yalikuwa ya ufahamu wa jumla. Tisa yote yalitokana na majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo la kazi.

Kisha nikamwomba anioneshe alichosoma. Akatoa kitabu cha nakala alichonunua kwenye duka la kuchapisha, kurasa 64, kichwa chake "Maswali ya Usaili na Majibu". Humo kulikuwa na majina ya mawaziri, baadhi yao wakiwa hawapo tena kwenye nafasi hizo, miji mikuu ya nchi za Afrika, virefu vya vifupisho, na maswali ya kada za afya na uhasibu yaliyochanganywa humo bila mpangilio. Alikuwa amekikariri. Ukimtajia ukurasa alikuwa anakusomea. Pia alikuwa kwenye makundi matatu ya simu ambako watu hutumiana maswali usiku kucha.

Swali moja kati ya yale tisa lilimuuma zaidi: nani huongoza mikutano ya Halmashauri ya Kijiji. Alijibu kuwa ni mtendaji, kwa sababu tangazo linasema mtendaji ni mwenyekiti wa kikao. Tukalifungua tangazo pamoja. Mstari mmoja unasema mtendaji ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Mstari mwingine, chini kidogo, unasema ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo katika kijiji. Ni vikao viwili. Katika cha kwanza mwenyekiti wa kijiji anaongoza na wewe unaandika muhtasari. Katika cha pili umekaa na ofisa ugani, mganga wa zahanati na mwalimu mkuu, na wewe ndiye unayeongoza. Binti aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakishusha mpaka wa pili, akakirudisha juu. "Kumbe vilikuwa hapa hapa," akasema.

Uamuzi wa pili: tangazo liwe mtaala

Tuliamua kitabu cha nakala kiwekwe kando na makundi ya simu abaki nayo moja tu, la taarifa za nafasi mpya. Nilijua kuna hatari. Kama mtihani ungejaa ufahamu wa jumla, angekuwa ameacha silaha nyumbani. Lakini ushahidi tuliokuwa nao ni zile stakabadhi za chai, na zilisema tisa kwa tatu.

Alinunua daftari kubwa. Kila jukumu kwenye tangazo likapewa ukurasa wake. Zikawa kurasa 11. Kwenye kila ukurasa aliandika majibu ya maswali manne: jukumu hili linatoka kwenye sheria gani, linafanyika na nani, yaani nani yuko juu na nani yuko chini, linaacha karatasi gani ofisini, na likiharibika, linaharibikaje.

Swali la tatu na la nne ndiyo yaliyomfundisha. Chukua ukurasa wa mapato. Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu, na humo wananchi husomewa mapato na matumizi. Karatasi zake ni daftari la fedha, stakabadhi, taarifa za benki, muhtasari uliosainiwa. Linaharibika pale fedha inapotumika kabla haijapelekwa benki, au pale mkutano unapopita miezi tisa haujaitishwa. Aliyeandika ukurasa huo kwa mkono wake hawezi kubabaishwa na swali la utawala bora.

Ukurasa wa sheria ndogo ulimpa shida. Aliandika kwanza kwamba kijiji kinatunga sheria na mtendaji anaanza kuitumia. Ikabidi tupige hatua moja moja: Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu unaijadili na wananchi wanatoa maoni yao, inapitia kwenye kata, inakwenda Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa, na kabla ya idhini hiyo hakuna faini ya kumtoza mtu yeyote. Nimeona watendaji wazuri wakiharibikiwa kwa kutoza faini ya mbuzi kwa sheria ambayo haijawahi kutoka kijijini.

Na ardhi. Hapa sikutaka abahatishe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini, na haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu kuridhia kwanza. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Nilimwambia kwamba huku kwetu, ambako kila kipande cha mteremko kina mwenyewe na mpaka ni mstari wa migomba, ukikosea ukurasa huu utaukosea tena ukiwa kazini.

Kisha tukamtoa nyumbani. Nilimwomba mtendaji wa kijiji cha jirani, ambaye nilimfundisha kazi, amruhusu Binti ahudhurie mkutano wa wananchi na kuandika muhtasari wake wa mazoezi. Mkutano ulikuwa wa ujenzi wa choo cha shule, chini ya mti, watu wakiwa wamejifunika mablanketi. Alirudi na kurasa sita za maneno ya kila msemaji. Nikamwuliza: "Mwanangu, waliamua nini?" Akatafuta, hakupata. Alikuwa ameandika mabishano yote na kuukosa uamuzi. Akauandika upya kwa ukurasa mmoja na nusu: mahudhurio, akidi, ajenda, yatokanayo, maazimio, nani atekeleze na lini. Tangu siku hiyo majibu yake ya maandishi yalibadilika. Alianza kuandika uamuzi kwanza na maelezo baadaye.

Misingi 8 ya maadili ya utumishi wa umma alikuwa tayari anaijua kwa mpangilio. Nilichomwongezea ni mfano mmoja wa kijijini kwa kila msingi.

Simu ya usiku

Wiki mbili kabla ya usaili wa tatu, ambao safari hii ulikuwa wa Sekretarieti ya Ajira, alipigiwa simu na mwanaume aliyejua jina lake kamili na nafasi aliyoomba. Alimwambia jina lake linaweza "kuwekwa vizuri" kwa shilingi 300,000. Mama alisema wauze mbuzi wawili. Kaka alisema wasipotoa, wengine watatoa.

Binti alikataa, na alinieleza baadaye kwamba hakukataa kwa ushujaa. Alikataa kwa kuwa alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake, ukurasa wa uadilifu, mfano wa mtendaji anayeombwa fedha ili kuandika barua ya utambulisho, na aliona aibu kufanya kinyume cha mwandiko wake. Tuliripoti namba hiyo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa kupiga 113, ambayo haitozwi. Walaghai hawa hupata majina kwenye orodha zinazotangazwa hadharani, ambazo kila mtu anaziona. Hawana uwezo wa kumweka mtu wala kumwondoa. Anayewalipa akafaulu, amefaulu kwa kichwa chake na amepoteza mbuzi wake.

Mara ya tatu: maandishi na mahojiano

Alinakili namba yake ya usaili kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kusafiri, kwa kuwa namba hiyo haitolewi siku ya mtihani. Alifika mjini siku moja kabla na kwenda kukiona kituo kwa miguu. Kwenye mchujo alipata 67, ilhali alama ya kufaulu ni 50.

Mahojiano yalikuwa na mtihani wa namna nyingine, na hapa sehemu ya kosa ni yangu. Nilikuwa nimemfanyisha mazoezi kwa kumtaka ataje kifungu cha sheria kila anapojibu. Siku tatu kabla, nilikaribisha jirani yangu, mwalimu mstaafu, na shemeji yangu ambaye alikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, tukakaa watatu nyuma ya meza kama jopo. Shemeji akauliza: "Mwenyekiti wa kijiji amekataa kuitisha mkutano kwa sababu hataki mapato yasomwe. Wewe ni mtendaji mgeni, una mwezi mmoja. Utafanya nini?"

Binti akataja sheria, akataja mwaka, akataja kifungu, akanyamaza. Shemeji akarudia: "Nimekuuliza utafanya nini." Akajibu kwamba angeita polisi.

Tulikuwa na siku tatu. Tukaacha vifungu kabisa. Nilimtaka kila swali alijibu kama anayeeleza siku yake ya kazi: asubuhi nafanya hivi, nikikwama nafanya hivi, naandika hapa, namjulisha huyu. Swali la mwenyekiti akalirudia mara nyingi mpaka likatulia. Kwanza ningekwenda kwake nyumbani kwa heshima, nimsikilize anaogopa nini. Nisipofanikiwa, ningemwandikia kumkumbusha wajibu wa mkutano wa kila miezi mitatu na kuweka nakala kwenye jalada. Ningeliingiza suala hilo kwenye ajenda ya kikao cha Halmashauri ya Kijiji. Likishindikana, ningemtaarifu mtendaji wa kata kwa maandishi, nikiambatanisha muhtasari wa kikao. Na wakati wote huo daftari la fedha lingekuwa limeandikwa mpaka siku hiyo, ili mkutano ukipatikana ghafla niwe tayari kusoma.

Jopo halisi halikumwuliza swali hilo. Waliuliza la mkulima na mfugaji, ng'ombe wameingia kwenye mahindi na watu wameshika mapanga. Alijibu kwa mtindo ule ule: kwanza watu watenganishwe, mgambo na wenyeviti wa vitongoji waitwe, polisi wajulishwe kwa kuwa kuna silaha, ofisa ugani akapime hasara, maelezo ya pande zote yaandikwe siku hiyo hiyo, na mtendaji wa kata ajulishwe. Safari hii polisi walikuwa mahali pao. Alipata 58.

Matokeo

Alama 58 ni kufaulu, lakini nafasi zilikuwa chache na waliomzidi wakazijaza. Aliyefaulu mahojiano akakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi zinapotokea hupangiwa kituo bila kuitwa upya kwenye usaili. Hilo wengi hawalijui. Wanaona jina halipo kwenye orodha ya kwanza, wanasusa.

Binti naye alikaribia kuharibu hapa. Simu yake iliibiwa Uyole kwenye msongamano wa kupakia magunia, akasajili laini mpya, na nywila ya akaunti yake alikuwa ameihifadhi kwenye simu iliyoibiwa. Wiki kadhaa hakuingia kwenye akaunti. Aliyeliona jina lake kwenye tangazo la kupangiwa vituo ni mwenzake aliyesoma naye chuo, yuko Iringa, akamtafuta kupitia kwa mama. Barua ilikuwa kwenye akaunti ikisubiri, na muda wa kuripoti ulikuwa umeanza kuhesabika. Aliripoti zikiwa zimebaki siku mbili, na bahasha yake ya vyeti halisi pamoja na hati ya jina ikiwa juu. Kwenye uhakiki wa mwajiri iliulizwa tena.

Sasa yuko kazini, kwenye kijiji chenye vitongoji vitano, mbali na nyumbani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni zile stakabadhi za chai. Tungeweza kubishana mwezi mzima kuhusu nini kisomwe. Kuandika maswali yangali ya moto kulitupa ushahidi wa kwanza. Mwajiri anapoandika majukumu kwenye tangazo anakuwa amekueleza kazi ni nini, na anayetunga mtihani anahitaji kujua kama unaiweza kazi hiyo. Vitabu vya nakala vinauzwa kwa sababu vinampa mtu hisia ya kusoma bila kumlazimisha kufikiri. Siwalaumu vijana wanaovinunua. Hakuna aliyewaonesha njia nyingine, na ukurasa wa tangazo unaonekana mdogo mno kuwa kitabu.

Kuhudhuria mkutano halisi kulimsaidia kuliko masomo yangu yote ya jioni. Nimejaribu na vijana wengine tangu wakati huo na imekuwa hivyo hivyo. Mikutano ya kijiji ni ya wazi, haina kiingilio, na watendaji wengi watafurahi kumpata kijana wa kuwasaidia kuandika.

Kilichoshindikana ni matayarisho ya mahojiano, na nilielekeza vibaya mimi. Vifungu vya sheria vina mahali pake kwenye karatasi. Mbele ya jopo watu wanataka kujua kama wanaweza kukuachia ofisi. Naamini tungeanza mazoezi ya jopo mwezi mmoja kabla, badala ya siku tatu, alama 58 ingepanda na asingeingia kwenye kanzidata. Miezi aliyosubiri huko ni gharama ya uamuzi wangu.

Sina hakika kama tulifanya sawa kumwachisha karibu makundi yote ya simu. Alipoteza pia wenzake wa kumtia moyo, na mwishowe aliyemwokoa ni mwenzake wa chuo. Sasa siwakatazi tena. Ninawaomba tu kila mmoja awe na mtu mmoja wa kuangaliana majina kwenye matangazo, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Na vyeti. Binti alipoteza usaili mzima kwa herufi tatu. Siku hizi kijana akija kwangu, hatufungui kitabu. Natandika mkeka, anapanga juu yake cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na chuo, tunasoma jina moja moja kwa sauti, herufi kwa herufi. Jumamosi iliyopita walikuja wawili. Mmoja yuko sawa. Wa pili ana "Ester" kwenye cheti kimoja na "Esther" kwenye kingine, na Jumatatu anakwenda kwa wakili.